Alichomjibu Mzee Masila

Mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe, upande wa Mkongani hapakuwa na mtu aliyependwa kama Mwalimu Nthiwa. Alikuwa Mkamba, amekuja na wenzake kupewa mashamba, na kila Jumapili alifundisha Biblia katika kanisa la udongo walilolijenga kwa mikono yao. Alieleza mambo ya Mungu kama mtu anayeeleza habari za mahindi yake, akiuliza, akingoja kujibiwa, akicheka. Hata Wadigo, ambao ni Waislamu, waliopita na baiskeli walisimama dirishani wakasikiliza kidogo kabla ya kwenda zao.

Hannah, msichana wa Kiduruma aliyesomea shule ya msingi tu, hakumkosa hata Jumapili moja. Hakuwa msemaji. Alikaa mwisho wa benchi akawatazama watu, na kwa kutazama huko alijua mengi.

Basi ikatokea ng'ombe wa kwao wakavunja ua, wakayala mahindi ya Mwalimu. Mwalimu akafoka pale njiani, kila mtu akasikia. Haukupita muda, mtoto mchanga wa kaka yake Hannah akaugua, hanyonyi, halali. Dawa ya zahanati alipewa, lakini Bibi Mbodze, nyanya yake Hannah, alisema dawa haitafanya kazi maadamu kuna mtu ana kinyongo na watu wa mji wao. Akamwita Mwalimu. Kwa desturi ya Waduruma, aliyekasirika hutia maji kinywani, akayatema mbele ya mlango na kutamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe.

Hannah ndiye aliyeshika kata ya maji. Mwalimu alisita, akamtazama mtoto, akapiga funda moja, akatema.

"Niliwakasirikia," alisema. "Hasira imetoka. Bwana Yesu na amponye mtoto huyu."

Ni hayo tu. Akanywa uji, akaenda zake.

Lakini kuna aliyepita akaona, na kufikia Jumapili maji yale yalikuwa yameongezewa kuku mweusi na ubani midomoni mwa watu. Mzee Masila, mzee wa kanisa, alisimama hata kabla wimbo haujaisha.

"Ndugu zangu, huyu asubuhi ni mwalimu, jioni ni mganga. Leo asisimame hapa. Na mchungaji akija, tutamwomba atutafutie mwingine."

"Na huyo kuku mweusi alimla nani, mzee?" Kaingu aliuliza kutoka nyuma. "Mbona sisi hatukuletewa hata shingo?"

Watu wakacheka.

"Cheka tu, Kaingu. Wewe kanisani hufuata hadithi."

Mwalimu Nthiwa aliinuka taratibu. "Mzee Masila, maji nilitema, ni kweli. Kuku simjui. Tafadhali waulize wenye mji."

"Wenye mji!" Masila alisonya. "Niwaulize watu wa mizimu? Wale hata ukweli wanaujua?"

Neno lile lilimchoma Hannah. Akajikuta amesimama. Jibu alikuwa nalo, limekaa tayari ulimini: mimi nilishika kata, maneno yake niliyasikia, nayo ni haya. Angeyasema hayo akakaa. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia benchi la wanawake, pale alipokaa Mbula, mke wa Masila, na mwanawe mgongoni.

"Mzee, uganga unautafuta mbali," alisema. "Fungua kola ya mwanao. Hirizi imo humo. Mke wako aliifuata kwa mganga, na kola ya kuifichia nilimshonea mimi!"

Watu wakageuka kumtazama mtoto. Kisha mtu akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Masila akakaa. Mbula alipeleka mkono nyuma, akaifunika shingo ya mtoto. Siri ile alimwambia Hannah peke yake, siku waliyokuwa wakipalilia pamoja, machozi yakimtoka, kwani alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Sasa Mbula aliinuka akatoka bila kumtazama mtu.

"Haya, Mwalimu, fundisha!" Kaingu alipiga kelele. "Mambo yamekwisha!"

Mwalimu hakuifungua Biblia. Alimsogelea Hannah, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ulikuwapo. Mbona hukusema ulichokiona?"

Hannah akakaa.

"Leo sifundishi," Mwalimu aliwaambia watu, akatoka kumfuata Mbula juani.

Kesho yake Hannah alichukua jembe akaenda shambani kwa Mbula. Njia nzima alipanga maneno.

"Hodi, dada Mbula."

Mbula aliendelea kulima. Mtoto alikuwa kifua wazi, shingoni hana kitu. Masila alikuwa ameukata uzi wa hirizi.

"Jana Mwalimu wako alikuja nyumbani," Mbula alisema mwishowe. "Akasimama uani, akaniomba radhi. Yeye. Kwa kosa lipi?"

"Kosa ni langu."

"Nilikuomba nini siku ile, Hannah?"

"Nisimwambie mtu."

"Nawe uliniambia nini?"

"Kwamba nitanyamaza."

"Basi unajua kila kitu. Sina la kukuongezea."

Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Hannah alikwenda upande wa pili wa shamba, akainama, akaanza kupalilia. Uso ulimwaka kama amechomwa.

Wanawake waliokuwa wakienda mtoni walimwona kutoka njiani. Mmoja akapaza sauti kwa furaha: "We Hannah! Mzee Masila ulimweza, mwanangu! Ulimziba mdomo kabisa! Mwalimu wetu sasa hagusiki!"

Jembe la Mbula likasimama kidogo, kisha likaendelea.

Hannah hakuinua kichwa. Aliendelea kung'oa magugu mpaka sauti zao zikapotea, na hata zilipopotea hakuthubutu kutazama upande wa Mbula.