Maganda ya Papai Kitaluni

Kwa siku tatu miche ya kabichi ilikuwa ikipungua kitaluni, na mnyapara akatangaza mbele ya vibarua wote kwamba mwizi ni binti wa kumwagilia, yule waliyembandika jina la Kimya.

"Mtu asiyesema ana la kuficha," alisema. "Kesho mama mwenye shamba akija, fungasha virago."

Moyo ulimfura Kimya. Mwizi! Yeye ambaye hata jembe la mtu hagusi bila kuomba!

Asubuhi, mvua ikiwa imenyunya, aliwahi kufika akachuchumaa kitaluni. Konokono walikuwa wamejaa kwenye miche. Njia zao za utelezi zilitoka uani zikanyooka hadi ukingoni mwa tuta, kwenye maganda ya papai ambayo mnyapara huyatupa kila siku baada ya kula, akidai ni mbolea.

Mwenye shamba alipofika, Kimya alimfuata. "Shikamoo, mama. Naomba uone kitu."

Aliweka konokono mmoja juu ya ubao uliolowa, na ganda la papai upande upepo unakotoka. Wakasubiri. Pembe mbili ndefu zilinyanyuka zikapepesa hewani; mbili fupi zikapapasa ubao. Taratibu konokono akageuka, akalielekea ganda.

"Macho yake hayafiki mbali, mama. Ananusa kwa hizo pembe. Harufu ya papai inawaita, wakimaliza maganda wanakuta miche."

Mnyapara akacheka. "Kwa hiyo konokono ndiye shahidi wako?"

"Ndiye. Tena yeye hasingizii watu."

Vibarua wakaangua kicheko. Mama akamwamuru mnyapara azoe maganda yote, kisha akamgeukia Kimya. "Haya mwanangu, yaishe. Kamwagilie."

Kimya hakuinua ndoo. "Hayajaisha, mama. Aliniita mwizi mbele ya watu. Aseme mbele ya watu hao hao."

Vibarua wakaegemea majembe yao. Mnyapara akamtazama mama, akitegemea kuokolewa. Mama akakunja mikono.

"Hukuiba," akanong'ona mnyapara.

"Wa kule mwisho hawajasikia."

"Binti hakuiba!" akafoka, uso umemwiva. "Nilimsingizia!"

Hapo ndipo Kimya alipoinua ndoo, akaenda kumwagilia.