Shotigani ya Mama Asia

Mansuri alikwisha kuchagua kabla hawajaingia dukani. Njia nzima kutoka Mkuyuni hadi Morogoro mjini alikuwa akiisifu shotigani ya kujipakia yenyewe, ile ambayo kazi yako ni kuvuta kifyatulio tu. Mkewe, Chausiku, alimwacha aseme. Alijua kwa nini aliitaka. Msimu uliopita wezi wa karafuu waliwavamia nyumbani jioni, wakamkata Mansuri panga mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo vidole vyake viwili havikunjiki. Shotigani ya pampu inataka mikono miwili mizima.

Muuza silaha, kijana mmoja aliyeitwa Jonathan, aliwaamkia, kisha akaziweka zote mbili juu ya meza, tupu, mitutu ikielekea ukutani.

"Hii ya pampu," alisema, "kila ukipiga lazima uvute hiki kishikio nyuma ganda litoke, halafu usukume mbele risasi nyingine iingie. Haichagui risasi. Hii nyingine inajipakia kwa nguvu ya mlipuko wake wenyewe. Haipigi sana bega. Ila inataka usafi, na ukiipa risasi dhaifu au iliyoingia unyevu, inaweza kukwama."

"Tutaisafisha," Mansuri alisema. "Nachukua hiyo."

"Baba Asia," Chausiku alisema, "msimu wa karafuu wewe unakuwa wapi?"

"Unajua niko wapi. Niko Kinole nanunua mzigo."

"Na mzigo unalala wapi?"

Mzigo ulikuwa unalala nyumbani kwao, na mtu aliyekuwa akilala nao ni Chausiku.

Jonathan alikohoa kidogo. "Kuna jambo jingine, wazee wangu. Silaha ni ya mwenye leseni. Leseni ikiwa ya mzee, mama haruhusiwi kuitumia, hata kama mzee hayupo."

"Basi tutaomba kwa jina langu," Chausiku alisema.

Mansuri alimgeukia. "Mkuyuni watasemaje? Mwanamume kakatwa mkono, sasa mkewe ndiye anamlinda?"

"Hata sasa wanasema."

Chausiku aliinyanyua ile ya kujipakia. Ilimkaa vizuri begani, nyepesi kuliko alivyotegemea. Akairudisha mezani, akashika ya pampu, akavuta na kusukuma mara kadhaa mpaka Jonathan akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ile ni nzuri, na ndiyo maana naiogopa," alisema. "Mimi najijua. Hofu ikinishika nitafyatua mpaka ziishe, awe mwizi, awe jirani. Nataka hii inayonisubiri."

"Mimi siwezi kuivuta hiyo." Mansuri alisema kwa sauti ya chini, kama hataki Jonathan asikie. "Ukiichukua, ndani ya nyumba yangu mwenyewe sina silaha."

"Najua," Chausiku alisema. Lakini hakubadili uamuzi.

Walirudi Mkuyuni. Maombi yalipita kijijini, yakapita katani, yakafika polisi. Chausiku akahojiwa, akafundishwa kulenga. Siku alipoileta bunduki nyumbani, Mansuri alikuwa amekwisha kumtafuta fundi na kufunga kabati la chuma ukutani, chumbani mwao. Alimkabidhi mkewe ufunguo. Bunduki yenyewe hakuigusa.

Vuli ilipoanza, Mansuri akapanda Kinole. Asia, binti yao, alikuwa shule ya bweni. Alasiri moja mvua ilinyesha kwa nguvu, na Chausiku akawa ametandaza karafuu kwenye turubai sebuleni, anachambua vikonyo. Akasikia pikipiki ikizimwa nje.

"Hodi, mama. Mumeo kapata ajali huko Kinole. Fungua tukupeleke."

Alichukua simu akampigia Mansuri, haikupatikana. Huko juu mvua ikinyesha mtandao hupotea. Mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kwenye komeo aliposita.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Nje wakanong'onezana. Kisha sauti ile ikasema, "Shati jeupe."

Mansuri alikuwa ameondoka na fulana ya kijani.

Alikimbilia chumbani, akafungua kabati, akaanza kujaza risasi. Moja ikamponyoka ikaviringika uvunguni. Aliporudi sebuleni, mlango ulikuwa unapigwa na chuma.

"Nina bunduki," alisema. "Ondokeni."

Wakazidi kupiga. Akainua mtutu, akafyatua kwenye bati. Mlio ukamziba masikio, maji yakaanza kumdondokea kichwani.

"Gobore hilo," mtu alisema nje. "Limekwisha. Ingia kabla hajashindilia."

Chausiku alivuta kishikio, lakini kwa woga hakukifikisha mwisho. Ganda likabaki limebana. Komeo likang'oka, mlango ukafunguka, na kijana mwenye panga akaingia akikanyaga karafuu. Chausiku alivuta tena, safari hii kwa uzito wake wote. Ganda likaruka. Akasukuma mbele, akateremsha mtutu, akapiga miguuni.

Kijana alianguka juu ya turubai. Mwenzake aliyekuwa mlangoni akatoweka, na pikipiki ikawaka ikaondoka. Chausiku alipakia tena bila kujua kwamba anapakia. Mtutu sasa ulikuwa unatazama kifua cha yule kijana, naye amejifunika uso kwa mikono yake miwili.

"Mama, nisamehe."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Alikitoa. Kisha akalisogeza panga mbali kwa mguu.

Majirani walifika na marungu na mawe. Shabani wa nyumba ya pili alikuja na dumu la petroli.

"Mama Asia, tutolee huyo."

"Hatoki."

"Hao ndio waliomkata mumeo."

"Huenda ni wao. Sharifa, pita ndani umfunge mguu kwa khanga, damu inaisha. Nyie wengine, pigeni simu polisi."

Sharifa, mke wa Shabani, alimtazama mumewe, kisha akapita. Shabani naye akataka kumfuata. Chausiku akasimama kizingitini kumzuia.

"Unatuelekezea sisi bunduki?" Shabani aliuliza.

"Imeelekea chini. Usinifanye niinyanyue, Shabani."

Walisimama hivyo mvuani, yeye mlangoni na wao uani, kijana akilia nyuma yake, mpaka gari la polisi lilipofika kutoka mjini.

Mansuri alirudi baadaye kidogo, matope mpaka magotini. Alimkuta mkewe amekaa juu ya gunia, ameshika kikombe cha chai kinachomwagika. Alichuchumaa akamshikia kikombe kwa mkono wake mzima mpaka akanywa.

Kijana hakufa, ingawa mguu ulipona vibaya, na alimtaja mwenzake. Shabani aliacha kuwasalimia kwa muda mrefu. Bunduki ilibaki kituoni wakati wa uchunguzi, na muda huo wote Chausiku alikuwa akishtuka kila pikipiki ilipopita barabarani. Hatimaye walipigiwa simu kwamba anaweza kwenda kuichukua.

"Kweli unataka irudi humu ndani?" Mansuri alimuuliza.

"Sitaki," Chausiku alisema. Kisha akajifunga mtandio, wakatoka kwenda kuichukua.