Tumechelewa Mwaka Mmoja Kiungani

Tulifika kwenye ile nyumba saa nne asubuhi, na nilipoona majani yamefika magotini mbele ya mlango nilijua pana kosa, ila sikusema. Katika kazi yetu neno hilo husemwa mtu akiwa na hakika.

Ilikuwa nyumba ya shamba, ya mawe na udongo, nyuma ya Majengo, pale kisiwa kinapoteremkia mikokoni. Zamani watu wa Kuze, kule Mji wa Kale wa Mombasa, walikuwa na mashamba upande huo, wakipaita Kiungani. Mwaka huo wa 1995 ilikuwa imebaki minazi minane, mchungwa mmoja na nyumba hiyo. Kwengine kote vijumba vya Majengo vilikuwa vimesogea hadi ukutani. Paa la makuti lilikuwa limebonyea upande wa kulia.

"Hawapo," alisema Maisara.

"Pengine wametoka."

"Wametoka na mlango wao, mzee Jefwa?"

Kweli mlango haukuwapo. Palikuwa na fremu tu, na giza nyuma yake.

Maisara alikuwa na miaka hamsini na nne. Tulikuwa tumetoka pamoja mwaka 2046. Mahali petu pa kupitia ni ghala moja nyuma ya karakana ya seremala huko Kuze, na njia ya kurudi hufungwa saa nane mchana, uwe umerudi au hujarudi. Mimi ni mwongozaji. Kazi hii sikuisomea, niliichukua kidogo kidogo kwa kutazama wengine wakikosea. Hiyo ilikuwa safari yangu ya arubaini na moja, na magoti yangu yalizikumbuka zote. Sisi waongozaji miili yetu ilizoezwa, kwa gharama hiyo ya magoti. Mwili wa mteja hustahimili safari moja tu maishani. Yake ilikuwa hii.

Alikuja kumwona mamake. Mamake alifariki katika nyumba hiyo kwa homa ya siku tatu, Maisara akiwa na miaka miwili, na hakukumbuka chochote chake, si uso wala sauti. Picha haikuwapo. Hakutaka kumwambia neno, maana sheria zetu haziruhusu, na hakuomba zivunjwe. Alitaka kusimama kando ya njia kama mpita njia, amwone akifua au akifukuza mbuzi, kisha arudi.

Cheti cha kifo hakikupatikana. Tulichokuwa nacho ni cheti cha kuzaliwa cha mamake, tarehe 12 Aprili 1960, na maneno ya Nana, bibi yake, aliyemlea Maisara: "Alikufa ana miaka thalathini na mitano kamili, hata mwezi haukuzidi." Nikajumlisha, nikapata Aprili 1995. Nikatoa siku saba ili tumkute mzima, kabla ya homa. Nilijumlisha mara tatu, kama ilivyo desturi yangu.

Niliketi kwenye gogo la mnazi.

"Nana wako," nilimuuliza, "umri wako wewe alikuwa akiuhesabu vipi?"

"Kwa miezi yetu. Kila Rajabu ikiandama aliniambia nimeongeza mwaka. Skuli wakinipa umri mwengine, yeye akinipa mwengine, tukibishana mpaka..."

Aliliona kabla sijalitaja.

Mwaka wa mwezi mwandamo, aliohesabu Nana, ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko wa kalenda ya kawaida. Kwa miaka thelathini na mitano, siku hizo hupita mwaka mzima. Mimi ni mtu wa Kaloleni, kwetu tulihesabu kwa kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani, na jambo hilo halikunijia. Yeye ni mtu wa Kuze hasa, na lilimpita vilevile, kwa kuwa siku hizi kila mtu huhesabiwa na simu yake.

"Tumechelewa mwaka mmoja," nikasema. "Mwaka na siku chache. Kosa ni langu."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali. Alikusanya pindo la buibui lake kwa mkono mmoja, akasema, "Basi naingia."

"Dada Maisara, hapana."

"Kwa nini hapana? Hamna mtu."

"Boriti zimelowa, masika yameanza. Ukiangukiwa na paa katika mwaka ambao una miaka mitatu, mimi nitaandika nini?"

"Andika nilikuwa mkaidi."

"Na sheria yasema nyumba za watu haziingiwi."

"Hii ni ya popo."

"Ndani hamna kitu. Kwenu mtu akifa nguo zake hutolewa sadaka. Hata mlango wameuchukua. Utaona kuta tu."

"Nitaona kuta. Alizishika."

Nitasema ukweli: kabla ya sheria na kabla ya boriti, nilikuwa nimechoka. Nilitaka turudi Kuze polepole, niketi ghalani, ningoje saa nane. Yeye pia alikuwa amechoka. Safari hizi hunyonya chumvi mwilini, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Tulikuwa tukibishana kama watu wanaovutana kwa kamba huku wote wamekaa chini.

"Piga hodi basi," nikamwambia, nikijua ninachofanya. "Njiani umenieleza Mtume alifunza hodi tatu, usipoitikiwa urudi."

"Hiyo ni nyumba inayokaliwa. Isiyokaliwa haina dhambi." Lakini alikwisha kufika mbele ya fremu, na adabu aliyolelewa nayo ilimshinda. "Hodi," alisema. Alingoja. "Hodi." Alingoja tena, zaidi. "Hodi hapa."

Ya tatu ilijibiwa nyuma yetu.

"Ni nani huyo? Mwataka popo wawakaribishe?"

Alikuwa mwanamke mfupi, jembe begani, ametokea kwenye mihogo upande wa pili wa mchungwa. Aliniamkia shikamoo nikaitikia, kisha akaendelea pale pale alipoachia.

"Kama mwataka kiwanja, foleni imewapita. Wa jana alikuja na kamba yake akapima hata choo."

"Hatununui," nikasema. "Twapita tu."

"Wapita njia wapigia gofu hodi! Kweli Mombasa kuna watu."

Jina lake Sidi. Alikuwa akimfanyia mwenye nyumba kazi za shamba, na sasa alilima mihogo yake mwenyewe hapo mpaka atakapofukuzwa. Maisara alijitaja kwa jina la Mirriam, kama tulivyokubaliana, akaja kuketi karibu nami.

"Mwenyewe alikuwa nani?" aliuliza.

"Mwanaesha. Mumewe alikwenda Arabuni, akabaki hapa na mbuzi. Alikufa mwaka jana, mvua zikianza hivi hivi. Nilimwambia twende hospitali, akasema ngoja mvua ipuse. Mvua haikupusa. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu."

Nilitazama chini.

"Kingine?" akasema Maisara.

"Kingine nini? Mrefu, kama wewe. Mbuzi wake walinilia leso mbili, nikamshtakia, akanambia mbuzi hana kosa, kosa la aliyeanika chini. Mtu gani huyo?"

"Pana kitu chake kilichosalia?"

"Wapi! Vyote viligawanywa. Mimi nilipata gauni, likanibana hapa, nikampa mdogo wangu, naye amekwenda nalo Mariakani. Mlango sijui kachukua nani, lakini nikiuona nitaujua."

Maisara aliigeukia ile fremu. Nilidhani atasimama aingie, nami nilikwisha kuamua sitamshika.

"Na sauti yake," aliuliza, "ilikuwaje?"

Sidi alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayetaka kujua mwenzangu ni mzima. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia ni mzima.

"Sauti ni sauti, mama." Alichomeka jembe ardhini. "Nzito kidogo. Kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa na kitoto chake cha kike, kiko Kuze kwa Nana wake siku hizi. Asubuhi kikimtoroka kwenda kwa mbuzi. Naye hatoki kukifuata, ng'o. Asimama pale kizingitini aita tu. Mimi siwezi hasa, lakini ni hivi."

Aliweka mkono kiunoni, akanyoosha shingo, akaita kwa sauti ambayo haikuwa yake, ya chini, iliyopanda polepole mwishoni:

"Maisaraa! Wee Maisaraa! Ndoo, uje kwa mama!"

"Labeka," akaitika Maisara.

Ilimtoka kabla hajafikiri, kama inavyomtoka binti yeyote wa Kuze akiitwa na mamake. Sidi aliangua kicheko.

"Waitika wewe! Si wasema Mirriam?"

"Nimekosea. Rudia, tafadhali."

"Nirudie? Majirani watasema nimepandisha pepo."

"Mara moja tu."

Alirudia. Mara ya kwanza kicheko kilimharibia. Mara ya pili aliipata, na safari hii Maisara hakuitika, alifumba macho akasikiliza hadi sauti ilipoishia. Sidi aling'oa jembe lake. Alisema mihogo haijilimi, akatuaga, akarudi alikotoka huku akitugeukia mara kwa mara.

Tulibaki kwenye gogo. Ilikuwa yapata saa tano na nusu. Nilifikiri jinsi nilivyojumlisha mara tatu bila kuuliza swali moja.

"Ingia ukitaka," nikamwambia. "Nitasimama njiani niangalie. Sitaandika."

"Saa hii ndipo wasema hivyo?"

"Saa hii."

Alitazama nyumba. Aliitazama vizuri, paa, fremu, majani, kama mtu anayepima mzigo ajue kama ataubeba. Kisha akainuka kwa kujishikilia begani kwangu.

"Twende, mzee Jefwa. Nikiingia nitaanza kutazama kuta, na sauti hii itanitoka."

Tulikata kupitia Majengo. Nilitembea hatua mbili nyuma yake kwa sababu ya magoti, na mwanzo sikujua anafanya nini. Alikuwa akiliita jina lake mwenyewe, chini kwa chini, akivuta mwisho wake. Alianza juu mno. Akaacha, akameza mate, akaanza tena kwa sauti nzito zaidi, ikamkatika katikati. Muuza ndizi mmoja aligeuka akidhani anaitwa mtu. Tulipoingia Mji wa Kale ilikuwa saa saba kasorobo na bado alikuwa hajaipata, nami sikumharakisha.