Upepo Si Nguzo

Nguuu… Sauti ndogo, kama ya friji, ilipenya ukutani gizani. Nikageukia upande wa pili nilale tena. Kisha nikakumbuka kwamba umeme ulikatika tangu jana jioni; friji yetu haikuwa na cha kungurumia.

Nikapapasa kitanda. Upande wa mume wangu ulikuwa wa baridi.

Ilikuwa kompresa ya gari. Gari letu ni kuukuu, ila lilizaliwa kwa watu wenye nazo: halikalii springi za chuma, linakalia mipira minne iliyojazwa upepo, mmoja juu ya kila gurudumu, na kompresa ndiyo pafu lake. Wiki nzima tulikuwa tukilikuta asubuhi limelalia matako. Leo mama mkwe alitakiwa kliniki mapema kuangaliwa jicho alilopasuliwa, na mwanawe alikuwa ameapa atampeleka mwenyewe.

Nikatoka na tochi. Alfajiri ilikuwa imeanza kuchungulia juu ya ukuta wa jirani. Gari lilikuwa limeinuka kuliko kawaida yake, na chini yake imetokeza miguu miwili yenye ndala.

"Umelipandishaje?"

"Nimeigonga kompresa kwa mpini wa nyundo, ikaamka. Nikabonyeza kitufe cha kuinua, hilooo!" miguu ikajibu kwa furaha. "Nimepaka povu la sabuni. Mpira wa nyuma unatoa mapovu kama mtoto anayeota meno. Mwizi nimemkamata!"

"Mbona kompresa bado inanguruma?"

"Swichi nimezima, haisikii. Kiburi tu."

"Na jeki? Stendi za kulishikilia je?"

"Za nini? Si limesimama lenyewe? Nenda kabandike chai, profesa wa jioni."

Ananitania hivyo kwa sababu nasoma umeme wa magari jioni tatu kwa wiki. Yeye ni seremala. Kwake, kitu kikisimama kimesimama. Lakini siku ya kwanza mwalimu wetu aliandika ubaoni: upepo si nguzo. Gari la namna hii likizimwa, kompyuta yake husinzia. Fungua mlango, inaamka na kupima kimo. Ikikuta gari liko juu mno, inaachia upepo, gari linashuka. Haiulizi nani yuko chini.

"Toka," nikasema. "Nakuomba, toka sasa hivi."

"Dakika moja, nakaza hiki tu."

Hapo nikasikia ndala ndogo. Binti yetu wa miaka minne, tunayemwita Kifaranga, alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni. Mwanasesere wake alisahauliwa garini jana. Tochi ilipomfikia, alikuwa hatua sita mbele yangu, mkono tayari umeshika kitasa cha mlango wa gari.

Nikipiga kelele, atashtuka, akishtuka, atavuta. Mwanangu ndivyo alivyo, hofu yake yote iko vidoleni. Nikimkimbilia, atadhani ni mchezo.

"Kifaranga wa mama," nikasema kwa ile sauti ya kumbembelezea usingizi, "unataka nini?"

"Mtoto wangu. Anasikia baridi."

"Masikini. Tumpikie uji kwanza?"

"Ameshakula."

"Kweli? Alikula nini?"

Akafikiri. Vidole vikalegea, vikakaza tena. Chini ya gari spana ikanyamaza. Nadhani sauti yangu ilimwambia mume wangu kile ambacho mdomo haukuthubutu kusema, maana nilisikia mgongo wake ukijiburuza polepole kwenye changarawe. Magoti. Kiuno. Mungu wangu, mbona nimeolewa na mtu mrefu hivi?

"Alikula ndizi," Kifaranga akasema, akavuta.

Taa ya ndani ikawaka. Psssss.

Nikatupa tochi, nikamkamata baba yake vifundo vya miguu, nikavuta kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Shati likapasuka, kidevu kikachunika, kichwa kikatoka. Nyuma yake gari likashuka kwa utulivu, kama mzee anayekaa kitini, na beseni la povu lililobaki chini likapasuka kwa mlio wa mfupa.

Kompresa iliendelea kunguruma. Nikainua boneti, nikafungua kisanduku cha fyuzi na kuichomoa rilei yake, kile kiswichi kinachoipelekea umeme. Iliniunguza vidole. Wiki nzima kompresa ilikuwa ikihangaika kuufidia mpira unaovuja, mpaka rilei ikaungua na kung'ang'ania, isizimike tena. Kukawa kimya.

"Profesa…" mume wangu akaanza, ameketi kwenye changarawe. Utani ukamshinda njiani. Akanishika mguu, akauegemezea shavu lake. "Mama atapanda teksi," akasema baadaye. "Gari hili utanifundisha wewe. Na stendi nitaweka."

Kifaranga alikuja amempakata mwanasesere wake. Aliinama, akachungulia vipande vya beseni vilivyobanwa chini ya gari, akamgeukia baba yake, kisha akanitazama mimi.

"Baba alikuwa hapo."