Makovu ya Bonde la Kunguru

Rhoda alikuwa ameshatia shoka lake dogo kikapuni Joost alipomzuia pale gatini.

"Dada Rhoda, tafadhali, leo liache shoka nyumbani."

"Kwa nini? Huu ni mwezi wa sita. Utomvu umepanda. Nikichelewa, gome litagandamana na mti na nitaambulia vibanzi."

Joost, mwanaharakati wa kutetea misitu, Mholanzi mrefu mwenye koti la mvua la manjano, alitazama huku na huku. Mgeni alikuwa bado dukani akinunua soksi. "Bi Lüders ananunua nusu ya rojo ya miti ya kutengenezea karatasi inayotoka pwani hii. Nimemwambia Bonde la Kunguru halijaguswa na mkono wa mtu tangu dunia iumbwe. Sasa akikuona unakata mti..."

"Halijaguswa? Nani kakwambia?"

"Ndivyo bango linavyosema."

Rhoda alilijua lile bango. Lilibandikwa Amsterdam, Hamburg na kwingineko: ukungu, mierezi mirefu, na hakuna hata mtu mmoja. Alijua pia kwamba kwa sababu ya bango hilo watu elfu kumi na moja wa nchi za mbali waliiandikia serikali barua, na kwamba bila barua hizo hakuna waziri ambaye angepokea simu kutoka kijijini kwao. Shukrani alikuwa nazo. Lakini shukrani si kufungwa mdomo.

"Kwa hiyo mimi na mama yangu ni ukungu," alisema, akaingia botini na kikapu chake.

Kaka yake, Clarence, aliyeshika usukani, alicheka. "Kaa katikati basi, ukungu. Una uzito."

"Na wewe una mdomo kuliko kazi."

Kazi Clarence alikuwa nayo: miaka sita alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kukata magogo. Siku hiyo kampuni ndiyo iliyotoa boti ili Bi Lüders alione bonde kabla ya kusaini mkataba wa kununua, na msimamizi wake, Bwana Dunphy, alikaa mbele na mnunuzi, akimmiminia kahawa. Kibali cha kukata bonde kilikuwa kinaanza Jumatatu. Kilitolewa kwa sababu ripoti ya wapimaji ilisema hakuna dalili yoyote kwamba watu waliwahi kuutumia ule msitu. Kwa hiyo wenyeji hawakuhitaji kuulizwa. Mabonde mawili ya jirani yalikuwa yameshanyolewa kipara. Hili likienda, kina Rhoda hawatakuwa na gome la kofia, la mikeka, wala la mavazi ya ngoma, na binti zao watakuwa na mikono isiyojua kitu.

Bondeni mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ambayo watu wa pale hawaihesabu kuwa mvua. Dunphy alitembea akigongagonga miti kwa fimbo.

"Msitu mzee huu, mama. Nusu umeoza ndani. Hakuna anayekuja huku. Wapimaji wangu wamekaa siku tatu, hawakuona alama ya mtu."

"Hilo ni kweli," alidakia Joost kwa bidii. "Hakuna mtu aliyewahi kuugusa. Ndiyo maana lazima uachwe."

Rhoda aliwatazama wote wawili. Mwaka mzima wanaume hawa walikuwa wakitukanana magazetini. Leo walikuwa wanaimba wimbo mmoja, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kumfuta yeye.

Akatoa shoka.

Alichagua mwerezi ulionyooka, usio na matawi ya chini. Aliweka kiganja juu ya gome, akauambia mti kwa lugha ya mama yake anachotaka na kazi yake, akaomba. Kisha akapima viganja viwili, asizidishe, akakata mstari mmoja wa kulala.

"Dada Rhoda!" Joost alishika kichwa. "Mbele ya mgeni!"

"Mgeni ana mikono. Mama, njoo ushike hapa. Usisimame kama umekuja kutoa pole."

Bi Lüders, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyolowa, alisita, akakabidhi kikombe chake kwa Dunphy kama anayempa mhudumu, akashika. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakivuta kwa pamoja. Gome lilibambuka likapanda juu, likawa jembamba, jembamba zaidi, hadi likakatika huko juu kwa mlio mkali na utepe wa mita kumi ukawaangukia. Bi Lüders alikaa chini kitako kwenye majani yaliyolowa, akacheka mpaka akavua miwani.

Halafu akaliangalia jeraha la mti. "Sasa mti utakufa?"

"Njoo uone."

Hatua nane kutoka pale ulisimama mwerezi mwingine mnene, wenye kovu refu, pana chini na lenye ncha juu. Pembeni mwa kovu mti ulikuwa umeota midomo minene ya kulifunika.

"Huu aliubambua mama yangu akiwa na mimba yangu. Ule kule ni wa bibi yake. Na ule. Na ule pale nyuma yako."

Mtu akishaoneshwa la kwanza, hawezi tena kutoyaona mengine. Bi Lüders alizunguka akinyoosha kidole, akihesabu kwa Kijerumani. Alipopita arobaini aliacha, akamgeukia Dunphy.

"Wapimaji wako waliangalia nini siku tatu?"

"Dubu hao. Dubu hukwaruza miti."

"Dubu wa wapi anayepima viganja viwili na kukata mstari kwa shoka?" Rhoda aliuliza. "Mlete, tumwajiri."

Clarence aliangua kicheko. Dunphy akamgeukia. "Clarence, kazi bado unaitaka?"

Kicheko kikakatika. Clarence alivua kofia yake ya kazi. "Bosi, wale wapimaji niliwaleta mimi. Waliniuliza makovu haya ni nini, nikawaambia. Niliwaona wakiandika. Kurasa nne."

"Na ukanyamaza!" Rhoda alimpiga begani kwa ule utepe mbichi.

"Nina watoto watatu, dada."

"Mama naye alikuwa na watoto. Mmoja mpumbavu."

"Kurasa hizo ziko wapi, Bwana Dunphy?" aliuliza Bi Lüders.

Dunphy alimwaga majanini kahawa ya kile kikombe alichokabidhiwa.

"Basi sisaini. Na nikifika kwenye simu nitawaambia wenzangu wa London na Tokyo kwa nini sikusaini."

"Wanunuzi hawakosekani," alisema Dunphy. "Jumatatu tunaingia."

"Karibu," alisema Rhoda. "Utatukuta." Akamtupia Joost ncha ya utepe. "Na wewe usisimame tu. Tenganisha gome la nje na la ndani kabla halijakauka. Ukimaliza, nenda kawaambie watu wako wa barua kwamba msitu huu una wenyewe. Waandike tena."

Waliandika. Lakini barua husafiri polepole kuliko misumeno, kwa hiyo Jumatatu wanawake ishirini na sita walikuwa bondeni tangu asubuhi, mmoja kila penye mwerezi, na vikapu, mashoka, samaki wa samoni waliokaushwa kwa moshi na chupa za chai. Clarence, asiye na kazi tena, alikuwa anabeba mafurushi na kutukanwa na kila shangazi aliyempita.

Tishari, chombo bapa kilichobeba mashine za kukatia miti, lilifika na maji kujaa. Dunphy alisimama mbele yake na kipaza sauti.

"Mtaondoka lini?"

"Tukishamaliza!" alijibu Rhoda.

"Mtamaliza lini?"

"Mierezi ikiacha kuota!"

Wanawake walipiga vigelegele vya kwao. Wakataji wa tishari, wengi wao wana na wapwa wa wale wale wanawake, walikaa juu ya mashine zao wakaanza kuvuta sigara. Hakuna aliyeshuka. Maji yakaanza kupwa. Nahodha akamwambia Dunphy kitu sikioni, maana tishari likikwama kwenye matope hukaa hapo hadi kesho, na injini zikawashwa.

Rhoda hakungoja kuliona likigeuka. Gome aliloshika lilikuwa limeanza kuachia, na lilihitaji mikono miwili.