Mpira Ulioruka Ukuta wa Ghala

Faki alikuwa amemwapia mkewe kwamba mchezo ameuacha, na kiapo alikula mbele ya mkwewe, huku ameinamisha kichwa kama mtu wa maana. Jumwa alikuwa kwao Mtongwe mwezi wa pili sasa, amechoka kuolewa na mwanamume anayelala na kibao cha plaiwudi cha kupigia mpira chini ya mto. Mamake, Bi Mwanatatu, alikubali kumrudisha Ijumaa. Basi Alhamisi Faki akaona hakuna ubaya kucheza mechi moja ya kuaga.

Mchezo wenyewe uliletwa Likoni na baharia mmoja Muajentina, meli yake ilipokwama bandarini mwaka wa themanini na saba. Aliwafundisha vijana kuucheza ndani ya ghala la mbata lililong'oka paa, wavu wa samaki katikati, kisha akaenda zake akawaachia sheria. Mlinzi wa sheria akawa Kefa, dereva wa kreni pale Kipevu, mtu wa bara, aliyezishika kuliko alivyoshika Amri Kumi.

"Mpira udunde kwako mara moja tu," Kefa alihubiri kila jioni. "Ukishadunda, uguse ukuta utakavyo, bado uko hai. Ukidunda mara ya pili, zika. Na ukiupiga, usigonge ukuta wa mwenzako kabla ya kugusa sakafu yake."

"Na ukiruka nje?" wageni waliuliza.

"Mlango uko wazi. Toka, uurudishe juu ya ukuta kabla haujaanguka."

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Faki aliota kufanya hivyo. Tena hakuwahi kumshinda Kefa hata siku moja, jambo lililomuuma kuliko upweke, Mungu amsamehe.

Alhamisi hiyo alibakiza pointi moja tu amshinde. Kefa, kwa hasira, akaushindilia mpira chini. Ukadunda miguuni pa Faki, ukapaa, ukavuka ukuta. Faki huyo, mlangoni! Alipotokeza nje aliuona unashuka taratibu, umemlenga kifuani, mpira ambao hata mtoto wa madrasa angeupiga.

Mbele yake walisimama Bi Mwanatatu na mwavuli wake, na Jumwa na begi lake. Walikuja siku moja kabla.

Mkono wa Faki ukarudi nyuma wenyewe, kibao kikajificha mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Mpira ukaanguka kando ya kiatu cha Faki.

"Sijambo, mama. Habari za Mtongwe?"

"Njema. Na hapo mgongoni una nini?"

"Kipepeo, mama. Cha jiko." Akakitoa, akampepea mkwewe kwa adabu zote.

"Faki!" Kefa akanguruma kutoka ndani. "Umeupiga ama umekufa?"

Bi Mwanatatu akafunga mwavuli, akashika njia ya kurudi. Jumwa hakumfuata. Aliutazama mpira, akakitazama kibao, akautazama uso wa mumewe, uso wa mtu aliyefiwa. Hakuwahi kumwona akiuacha mpira, hata ule uliotua kwenye sinia la pilau la Idi.

"Mama, ngoja," akasema. "Ameuacha."

"Ameacha nini, na kibao hicho anacho?"

 Jumwa akamtwika Faki begi.

"Mpira ulikuwa rahisi?" akamuuliza.

"Rahisi, wallahi," akasema Faki, na machozi yakamtoka.