Uzito wa Fahardine

Haya ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa msikitini mchana kweupe, na msimulizi wake yuko tayari kuyarudia mbele ya kadhi akiwa na udhu. Hakuna kilichotiwa chumvi. Kilichotiwa ni sukari, na hiyo nayo ilikuwa sukari kweli.

Mwaka wa pili wa uhuru, Jumanne moja asubuhi, muuguzi Rahamatou alikuwa ameketi katika zahanati ndogo ya Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, akishona kizibao cha mtoto. Kilikuwa cha kitambaa kizito cha marekani, chenye vifuko vingi kifuani na mgongoni. Mwenye kizibao, Fahardine, mtoto wa miaka sita hivi, alikuwa darini, mgongo umegusa mbao, akimtazama mjusi. Mama yake, Kouraichia, alikuwa chini ameshika ncha ya kamba. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mguu wa mwanawe.

Si kwamba Fahardine alipaa wakati wote. Akiwa ametulia, nyayo zake zilikaa chini kama za watoto wa watu. Ila king'ora cha kiwanda cha sukari kikilia, au jua likimchoma machoni, au mtu akimshika shavu bila kumwonya, mwili wake ulimpotea. Hakujua tena mikono yake inaishia wapi, na mtu asiyejua mwili wake uko wapi hupanda juu. Majirani walikwisha kuzoea. Wakimwona juu ya paa waliita tu, "Kouraichia, mwanao huyo!" kama wanavyomwambia mtu kwamba nguo zake zimeanguka kambani.

Kilichomuudhi Rahamatou si kule kupaa. Ni kamba. Ilikuwa imemchora mtoto kovu jeusi, duara kamili, mfano wa bangili.

"Mtoto hafungwi," alisema, akikata uzi kwa meno. "Mwili wake haumletei habari, basi. Ukimkandamiza vizuri unampa habari."

"Na nikimwachia, dada, nani atakayemtoa kwenye mnazi?"

"Mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

Alikuwa mwanamke wa majivuno, na majivuno yake yalikuwa ya haki. Gauni lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Wauguzi wenzake walipenda wagonjwa wanaopona wakashukuru. Yeye alijiombea hawa: wasiosema, wasiovumilia sauti, wanaojigonga vichwa ukutani, wanaolia wakivalishwa shati jipya.

Aliagiza mchanga wa pwani wa kujaza vifuko. Kouraichia akashika kiuno.

"Mchanga? Juu ya mwanangu aliye hai? Mchanga hutiwa maiti, dada, tena na wanaume!"

Hapo hakuna Mkomoro ambaye angebisha, na Rahamatou, aliyezaliwa kwa Wakomoro wa Mahajanga, hakubisha. Akatazama huku na huku. Dzamandzar nzima haikuwa na nyumba isiyo na sukari. Wakajaza sukari. Fahardine akashuka polepole mpaka nyayo zikagusa sakafu, akanusa bega lake, akalilamba.

Kamba ikafunguliwa.

Kulikuwa na sababu ya haraka. Huko Mahajanga, hospitali moja, ambayo hatuitaji, ilikuwa inagawa vyumba vipya. Rahamatou aliomba kimoja kwa ajili ya watoto wa namna hii, na daktari mkuu akajibu kwamba kwanza amwone mtoto mmoja. Chumba kikipatikana, akina mama wangekuwa na pa kuwapeleka wana wao na pa kujifunza kuwashika. Kisipopatikana, kila mmoja angerudi kwenye kamba yake. Kouraichia alilijua hilo, ndiyo maana hakuitupa yake. Aliikunja akaitia kwenye kikapu, chini ya nguo.

Wakapanda motaboti ya kwenda Ankify, bandari ya ng'ambo. Walipofika katikati, bahari ikachafuka kidogo, maji yakaruka, na sukari ikafanya kama sukari inavyofanya. Ilimchirizika Fahardine mapajani, na kadiri ilivyochirizika ndivyo alivyopanda. Rahamatou akawahi kumrushia shiromani yake, ile shuka ambayo wanawake wa kwao hujitanda. Mtoto akadaka pindo moja, yeye akashika la pili.

Nahodha akatazama juu. "Mwambieni atuoneshe mwamba."

"Hasemi," alijibu Kouraichia.

"Kwani nimemwomba hotuba? Aoneshe kwa kidole."

Fahardine akaonesha. Nahodha akazungusha usukani. Mwanamke aliyepakata kuku akasema mtoto yule ana bahati, huko juu hakuna harufu ya dizeli.

Rahamatou hakucheka. Muuguzi mzima, alikuwa akijiambia, nimempa mtoto dawa ya kuyeyuka.

Kutoka Ankify walipanda lori. Turubai lilikuwa imara, na Fahardine alisafiri amelilalia kwa chini yake, uso umewaelekea abiria, akalala usingizi mzuri hadi Mahajanga.

Daktari mkuu, Tadjiddine, alikuwa mtu mwangalifu mwenye Kifaransa kilichonyooka. Fahardine alipoingia ofisini, karani alikuwa anapiga taipu. Tak, tak, tak, na mtoto akapanda.

"Zimeni pangaboi," alisema daktari bila kuinua kichwa.

Likazimwa. Kisha akavua miwani, akatazama dari. "Hukaa huko muda gani?"

"Mpaka aupate mwili wake, daktari."

"Sina muda huo. Mfungeni kitandani, nimpime."

Wahudumu wawili wakaja na mikanda ya ngozi. Kouraichia akaupeleka mkono kikapuni, si kwa kutaka, kwa mazoea tu. Rahamatou akasimama mlangoni, wanga wote wa gauni lake ukasimama naye.

"Hiyo mikanda haipiti."

"Madamu, hayo ni maagizo yangu."

"Na huyo ni mgonjwa wangu."

Akafunga madirisha, mwanga ukafifia. Akamwondoa karani na taipu yake. Akavua kofia yake ya kiuguzi, kwa kuwa weupe wake ulikuwa mkali, akavua na viatu. Hakumwita mtoto wala hakumvuta. Alitandaza shiromani mikononi, akasimama katikati ya chumba, akawa anavuma kwa sauti ya chini, ya kifuani, sauti isiyokuwa na ncha. Daktari akatazama saa yake. Akaitazama tena. Fahardine akageuza kichwa. Akashuka kama unyoya, kidogo kidogo, akajitia mwenyewe ndani ya shuka. Rahamatou akamzungushia kwa nguvu, akamkandamiza mabega, mgongo, nyonga, miguu, kila kiungo kwa zamu yake, kama mtu anayemsomea mwingine majina ya ukoo wake.

Kisha akamfungua. Mtoto akasimama. Hakuwa na sukari, hakuwa na mchanga, hakuwa na kamba. Akatembea hadi kwa mama yake akajibwaga mapajani.

"Dada!" Kouraichia alipaza sauti mpaka akasikiwa uani. "Dada, mzito! Mguu unakufa ganzi! Wallahi mwanangu mzito kama gunia!" Machozi yalimtiririka, na hakutaka kusogeza mguu.

Daktari akavaa miwani yake. "Kazi nzuri sana, Madamu. Kuhusu chumba: hospitali hugawa vyumba kwa kufuata vitanda. Mtoto huyu alipokuwa anaumwa, hakulala kitandani. Sasa yuko chini, haumwi. Kwa vyovyote vile, kitanda hakihitajiki."

Lakini hakuwa mkatili. Akawapa baraza la nyuma, kando ya dobi, kwa muda.

Rahamatou alilipiga deki baraza lile kama mtu anayesafisha ukumbi wa harusi. Alitundika mashiromani yakawa kuta. Watoto wakaja, kutoka bandarini, kutoka Amborovy. Alikuja Oumi, ambaye sauti ya kinu ilimwachia michubuko mikononi. Alikuja Boinali, aliyezisikia rangi, na ambaye ilibidi azibwe masikio apitapo penye ua jekundu. Hakuna aliyefungwa. Na jioni, akina mama walipokuja kuchukua wana wao, walitambiana njia nzima: "Wangu leo kaninyima pumzi!" "Kalale, wangu kavunja kigoda!"

Serikali ilipoona hayo, msimulizi anaendelea, iliona haya. Ikajenga chumba kikubwa chenye madirisha ya kijani, na mlangoni pakaandikwa kwa rangi ya...

"Chumba gani?"

Aliyeuliza ni Rahamatou mwenyewe, aliyesimama hapo kwa muuza kahawa, ambapo hadithi hii ilikuwa inasimuliwa, mwavuli mkononi, gauni limenyooka. Alikuwa amesikia habari yote. Ya mtoto darini hakuitikisia kichwa, wala ya nahodha, wala ya rangi zinazosikika.

"Hapo kwenye chumba umeongopa, kaka. Tuko baraza lile lile. Juzi tumenyeshewa."

Wanywa kahawa wakapiga makofi. Kwao ipo sheria moja tu: anayenaswa na uongo humlipa aliyemnasa chochote anachotaka. Msimulizi akaagiza buli zima la kahawa.

"Kahawa ninayo kwangu," alisema Rahamatou. Akampima kwa macho kutoka kofia mpaka kitambi. "Una mapaja mapana, na yanakaa bure. Twende."

Akaenda. Alikalishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akawekewa mapajani msichana aliyefika asubuhi hiyo kutoka Nosy Be na ambaye visigino vyake vilikwisha kuachana na ardhi. Akafundishwa pa kukandamiza. Alipofumbua mdomo aulize jina la mtoto, Rahamatou akamwekea kidole mdomoni: sauti humuumiza mtoto.

Hivyo msimulizi alinyamaza alasiri nzima, jambo ambalo watu wa Mahajanga hawajawahi kuliona. Mvua ikaanza kupenya kutoka upande wa dobi. Watoto na muuguzi wao wakasogea upande mkavu, kama walivyozoea, naye akasogea nao, amemshika mtoto kwa mikono miwili.